Kifaa Gani Hiki Kwa Waifai Yangu? Jinsi ya kujua nini kimeingia kwa mtandao wa nyumba na data inaenda wapi

Jioni moja hapa Kiamunyi, Nakuru, nilikuwa naongea na dadangu kwa video, yeye ako Doha, na kila dakika mbili picha inaganda halafu sauti inakatika, na faiba nilikuwa nimelipia wiki hiyo hiyo. Nikaingia kwa rauta kuangalia. Nikapata vifaa 17. Kwa nyumba tuko watu watano. Jina moja ilikuwa ESP_ halafu herufi na namba za ovyo, nne hazikuwa na jina kabisa, moja imeandikwa jina la kampuni ya Taiwan ambayo sijawahi nunua kitu yake. Roho ikaruka, nikabloki zote nisizozijua, nikalala.

Asubuhi apu ya sola ilikuwa haionyeshi betri, printa haipatikani, na madam ni mwalimu, alikuwa anataka kutoa mitihani ya klasi mbili kabla saa moja. Na video bado ilikuwa inaganda.

Tangu hiyo siku nimesaidia watu wengi na hii kitu, Free Area, Section 58, Lanet, hadi kwa shangazi huko Vihiga, na nimeshika jambo moja ambalo ndio nataka ushike kabla ya zingine zote: jina unaloliona kwa orodha ya rauta si ushahidi. Ushahidi ni kuzima kitu kwa mkono wako na kuona kama hilo jina limepotea. Kubloki kunakuja mwisho kabisa, na mara nyingi hata hakuhitajiki.

Anza na karatasi, usianze na rauta

Chukua karatasi na biro utembee chumba kwa chumba, uandike kila kitu kiliwahi kupewa paswedi ya waifai. Usikae kwa kochi ukijaribu kukumbuka, tembea, juu vitu vyenye husumbua ni vile hukumbuki. Simu na laptopu kila mtu anaandika. Lakini kuna tivi, dikoda, printa, saa ya mkononi, tableti ya mtoto iliyopasuka kioo lakini bado inawaka, simu ya zamani mnatumia ya biashara ya M-Pesa, kamera ya geti, soketi ya kuwashwa na simu, balbu za rangi, spika, na kale kakijiti kamechomekwa chini ya inveta ya sola ambako fundi aliunganisha na waifai siku ya kufunga halafu akaenda. Andika pia wageni: binamu aliyekuja Krismasi, fundi wa friji aliyeomba mtandao, rafiki za watoto. Simu zao zikipita karibu zinashika zenyewe bila kuuliza mtu.

Kando ya kila kitu andika kama kinatumia waya ama waifai. Laptopu yenye imechomekwa waya na pia iko kwa waifai itahesabika mara mbili kwa orodha, hivyo hivyo na tivi. Nilipofanya hii kwangu karatasi ilifika vitu 14 kabla sijafungua kompyuta, na mimi ndio nilikuwa naapa tuko na saba.

Sasa fungua rauta

Kwa laptopu ya Windows fungua ile dirisha nyeusi ya amri, andika ipconfig, halafu angalia mstari umeandikwa "Default Gateway". Hiyo namba ndio mlango wa rauta yako. Kwa simu utaipata ukibonyeza jina la waifai yako ndani ya mipangilio. Hapa kwetu mara nyingi ni 192.168.100.1, 192.168.1.1, 192.168.0.1, na zile mifi ndogo za laini huwa 192.168.8.1. Iandike kwa brauza. Jina na paswedi ya kuingia ziko kwa stika chini ya rauta, na kama bado ni zile za stika, jua kila mtu aliyewahi kupiga picha hiyo stika anaweza kuingia pia, kwa hivyo hiyo unabadilisha leo leo.

Ndani tafuta pahali pameandikwa "Connected Devices", "DHCP Clients", "User Devices" ama kitu ya kufanana. Piga skrinshoti. Piga ingine usiku wa manane kama uko macho, na ingine saa nne asubuhi watoto wakiwa shule, juu orodha ya saa mbili usiku peke yake haikuambii mengi.

Kitu moja watu hawaambiwi: orodha ya DHCP ni kama daftari ya wageni kwa hoteli. Mtu ameandikwa, sio kusema bado ako ndani. Rauta inapea kifaa anwani kwa muda fulani, mara nyingi ni siku nzima, na jina linabaki hata kama mwenyewe alishaondoka asubuhi. Kwa hivyo usikimbilie kusema vifaa 17 viko saa hii. Angalia kama rauta inaonyesha chenye kiko hewani na chenye hakiko.

Ukitaka kuona walio macho sasa hivi, weka apu ya Fing kwa simu, inazunguka mtandao mzima kwa sekunde chache na inajaribu kukisia kila kifaa ni nini. Kama uko sawa na kompyuta tumia nmap, programu ya bure, imekuwepo tangu 1997, unaandika nmap -sn 192.168.100.0/24, ukibadilisha hizo namba zifanane na zako, na inabisha anwani zote 256 moja moja ione nani anaitika. Simu iliyolala inaweza kukosa kuitika, kwa hivyo rudia mara mbili tatu.

Halafu kuna wale huandika arp -a, amri ya kuonyesha anwani ambazo kompyuta imekutana nazo, wanapata 224.0.0.251, 239.255.255.250 na nyingine inaishia na 255, wanashtuka. Hizo si vifaa. Ni anwani za tangazo, kama mtu akisimama katikati ya ploti akiita "nani ako na kiberiti?" Tivi, printa na spika zinaitana hivyo siku nzima. Ziruke.

Kusoma anwani ya MAC

Kila kifaa kiko na namba ya kuzaliwa, jozi sita za herufi na namba, kitu kama 3C:71:BF halafu jozi zingine tatu. Jozi tatu za kwanza shirika la IEEE huzipea kampuni, kwa hivyo ukizitafuta Google ama ukaachia Fing, utajua nani alitengeneza ile chipu ya mtandao. Nimesema chipu. Si lazima iwe kampuni jina lake liko mbele ya kifaa, na hapa ndio watu wengi hupotea.

Espressif ni kampuni ya Shanghai, inatengeneza chipu za bei ya chini zinaitwa ESP8266 na ESP32, na zimejaa kwa soketi, balbu, geti za umeme, mashine za kuangua vifaranga, na vijiti vya sola. Ile ESP_ yangu ilikuwa inveta yangu mwenyewe. Hon Hai ni ile kampuni watu wanaijua kama Foxconn. Ukiona AzureWave ama Liteon, fikiria laptopu, tivi ama mashine ya gemu. Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion. Kwa hivyo jina geni maana yake ni kwamba hujui nani alitengeneza kipande cha ndani, basi.

Halafu simu za siku hizi zinaficha namba yao ya ukweli. Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14 ya 2020, zinajitengenezea namba ya kubuni kwa kila waifai. Ndio maana Fing inaandika haijui. Kuzitambua ni rahisi sana: angalia herufi ya pili ya ile namba nzima. Ikiwa ni 2, 6, A ama E, hiyo ni ya kubuni. Kama D2:, 7A:, 46:, 9E:. Kwa nyumba ya kawaida hizo nne zisizo na jina karibu kila mara ni simu za watu unawajua. Kwangu zilikuwa yangu, ya madam, ya kijana mkubwa, na ya mama wa kusaidia kazi.

Kwa simu zenu za nyumbani, ingia kwa mipangilio ya hiyo waifai yenu tu, uzime hiyo ya kubuni, uchague itumie namba ya kifaa yenyewe. Ukiwa kwa mkahawa ama stegi wacha ifiche. Lakini nyumbani inakusaidia orodha isibadilike badilike, na ukipea kila moja jina ndani ya rauta hutahangaika tena mwezi ujao.

Zima moja, angalia, washa

Hii ndio kazi yenyewe, na inachukua kama nusu saa. Chukua ile anwani ya IP (namba ambayo rauta imepea kifaa) hujui mwenyewe, tuseme 192.168.100.23. Kwa laptopu andika ping -t 192.168.100.23 uache ikiita. Itakuwa inajibiwa kila sekunde. Sasa tuma mtoto azunguke nyumba akichomoa kitu kimoja kimoja, tivi kwa ukuta, dikoda, soketi, kamera, na anapiga kelele kila akichomoa. Majibu yakikatika umepata. Rudisha, ngoja dakika moja, kikianza kujibu tena basi huna haja ya kubahatisha, andika jina lake kwa karatasi kando ya ile namba ya MAC.

Chomoa kwa ukuta, usizime na rimoti. Tivi iliyozimwa na rimoti mara nyingi bado iko kwa mtandao. Vifaa vingine havijibu ping hata vikiwa hai, hiyo ikitokea fanya vile vile ukiangalia Fing ama orodha ya rauta.

Ukiwa na ekstenda ya kupeleka waifai chumba cha nyuma, jua ekstenda zingine zinavalisha kila kitu kilicho nyuma yake namba ya MAC ya ekstenda yenyewe. Utaona vifaa vitatu namba moja. Hapo zima ekstenda kwanza uone vingapi vinaenda nayo.

Ukimaliza na bado kuna moja mbili hazina mwenyewe, sasa badilisha paswedi uone nani atalia. Sijaona njia bora kuliko hii. Weka paswedi mpya ndefu, chagua ulinzi wa WPA2 ama WPA3, zima WPS (ile ya kuunganisha kifaa kwa kitufe ama PIN), na usimpe mtu kwa mdomo, ingiza wewe mwenyewe kwa kila kifaa kwa karatasi yako. WPS nasema uzime juu ile PIN yake ya tarakimu nane inakaguliwa vipande viwili, kwa hivyo mtu wa kukisia hahitaji kujaribu mamilioni, ni kama mara 11,000 tu, na hii imejulikana tangu 2011. Kaa siku tatu. Chenye ni chenu kitalalamika, printa itakataa, sola itakatika, kijana atakuja. Chenye hakirudi na hakuna mtu analia, kilikuwa cha nje.

Kwa shangazi Vihiga ndio tulifanya hivyo. Vifaa 22, yeye na mjomba wako na simu mbili na tivi. Tulipobadilisha, jioni yake wale watoto wa majirani waliokuwa wanakaa kando ya fensi ya kayaba wakakuja mlangoni kwa heshima kuuliza kama mtandao umeharibika. Mmoja wa wajukuu alikuwa ameonyesha rafiki yake ile picha ya QR, simu ya Android inaitoa kwa sekunde moja, huyo akampea mwingine. Hakuna aliyehaki chochote. Shangazi akakataa kuwakatia, akasema hao wanafanyia asaimenti hapo, na mimi nikaona ako sawa. Tukawafungulia waifai ya wageni, imetengwa na ya nyumba, kasi imewekewa kikomo, inajizima saa tatu usiku. Kama rauta yako iko na hiyo ya wageni, itumie, na soketi na balbu na kamera pia ziweke huko, hazina kazi ya kuona laptopu yako.

Kubloki kwa namba ya MAC mimi siipendi kama kinga. Mtu anabadilisha mpangilio mmoja wa simu anapata namba mpya na anarudi. Paswedi mpya inamaliza hiyo hadithi.

Data inaenda wapi

Sasa vifaa vyote vinajulikana lakini mtandao bado ni mzito. Hapo ndio nilikuwa. Watu wengi huangalia data inayoingia, nani anatazama filamu. Mimi nakuambia anza na inayotoka. Filamu inaingia, hiyo ni kawaida. Lakini kila data ikiingia, kifaa chako kinarudisha risiti kwamba imefika, na kama njia ya kutoka imejaa, risiti zinachelewa, na anayekutumia anapunguza mwendo akidhani barabara ni mbaya. Ndio unapata kasi iko, ukipima iko, na video inaganda.

Rauta zingine zinaonyesha kila kifaa kimetumia data ngapi, ya kwenda na ya kurudi. Kama yako inaonyesha, una bahati, andika namba saa mbili usiku uandike tena saa kumi na mbili asubuhi, mkiwa mmelala. Chenye kimetuma nyingi usiku huo ndio cha kuulizwa. Kamera inayorusha picha kwa seva za nje kwa Mbps 1 tu bila kupumzika inatoa karibu GB 10.8 kwa siku. Kijiti cha sola kinatuma vipande vidogo kila dakika tano, mara 288 kwa siku, na vyote pamoja hutaviona hata. Kwa hivyo kifaa kuongea mara kwa mara si shida. Angalia uzito, na angalia saa.

Rauta ikiwa haionyeshi, kuna ujanja naupenda sana. Watu wanaweka Wireshark, programu ya kuangalia data inayopita, kwa laptopu wakidhani wataona nyumba nzima, hawaoni, laptopu inaona data yake yenyewe na yale matangazo ya ploti. Fanya hivi badala yake: unganisha laptopu ya Windows kwa rauta, na waya kama unao, halafu ndani ya mipangilio ya mtandao washa "Mobile hotspot", uchague 2.4 GHz juu vitu vingi vya bei nafuu havijui ile ingine. Sasa kile kifaa unashuku, kitoe kwa waifai ya nyumba ukiunganishe na hotspoti ya laptopu. Kitapata anwani ya 192.168.137 na namba nyingine. Kila kitu kinasema sasa lazima kipite kwako. Fungua Wireshark, chagua ile laini ya hotspoti, kwa kichujio andika dns (ile kazi ya kifaa kuuliza jina la tovuti liko anwani gani), na uache saa moja huku kifaa kikiwa hakitumiki na mtu yeyote.

Utaona majina. Hutaona yaliyo ndani, karibu yote imefichwa siku hizi, na ni vizuri iwe hivyo. Ni kama kusimama stegi: unaona hii gari inaenda Njoro, hii Gilgil, hii Molo, lakini kwa mfuko wa abiria hujui mna nini. Inatosha. Haya ndio ya kawaida: connectivitycheck.gstatic.com ni Android inauliza kama kuna intaneti, captive.apple.com ni iPhone inauliza hivyo hivyo, msftconnecttest.com ni Windows. Ukiona pool.ntp.org ni kifaa kinauliza saa ngapi. mtalk.google.com kwa poti 5228 (poti ni kama namba ya mlango kwa seva) ni ujumbe wa simu, 1e100.net ni Google, whatsapp.net na fbcdn.net unajua, googlevideo.com ni YouTube na nflxvideo.net ni Netflix. Jina likiwa na tuya ndani, hiyo ni soketi ama balbu. amazonaws.com na cloudfront.net ni seva za kukodishwa, nusu ya dunia iko hapo, hiyo haikuambii kitu kwa mema ama mabaya.

Cha kukushtua ni kifaa kutafuta majina mapya mengi ambayo hayafanani na kazi yake. Balbu haina sababu ya kutafuta tovuti za watu. Ama kifaa kinabisha poti 23 kwa anwani mia za nje, hiyo karibu hakuna maelezo mazuri yake. Mirai, programu mbaya ya kushika vifaa, mwaka wa 2016 ilifanya hivyo hivyo: ilikuwa inaingia kwa kamera na rauta zenye bado ziko na paswedi za kiwandani, inajaribu orodha ya kama 60 tu, halafu hivyo vifaa vinatafuta wenzao. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikatumika kupiga kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwa tovuti kwa njia ya DNS, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi. Wenye hizo kamera hawakujua kitu, picha yao ilikuwa inaonekana tu vizuri.

Kwangu ilikuwa boksi ya tivi. Shemeji alituachia akihama, ile ndogo nyeusi isiyo na jina la maana, inaonyesha mpira na filamu zote bila kulipa. Niliiweka kwa hotspoti tivi ikiwa imezimwa, na kwa saa hiyo moja ikawa inaita majina nisiyoyajua bila kupumzika na kutuma data nje kana kwamba kuna watu kumi wanaitumia. Na kwa njia fulani wako. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kitu inaitwa BADBOX 2.0, vifaa vya Android vya bei ya chini, boksi za tivi zikiwemo, vingine vimewekwa uchafu kabla hata hujanunua, vingine vinashika ukiweka apu kutoka soko zisizo rasmi siku ya kwanza. Kazi yake mojawapo ni kukodisha laini yako kwa wageni, wafanye mambo yao kwa mtandao ionekane yanatoka kwa nyumba yako. Dalili walizotaja ni hizi hizi: kampuni haijulikani, inakuambia uzime Play Protect, ulinzi wa Google wa kukagua apu, inaahidi kila kitu bure. Siwezi kuapa yangu ilikuwa hiyo kabisa, lakini niliichomoa, na jioni hiyo dadangu alionekana mpaka mwisho wa maongezi.

Kuiriseti boksi kama hiyo usihesabu kwamba imepona. Uchafu ukiwa ndani ya mfumo wenyewe unarudi ukiiwasha. Itoe kwa mtandao, na tafadhali usimwuzie mtu. Kisha badilisha paswedi za akaunti zenye ziliwahi kuingizwa hapo, hasa ya Google.

Lakini usiende na hiyo hofu kila nyumba. Mama mmoja Section 58 alikuwa na uhakika kuna mtu ameingia, data inatoka kila usiku kuanzia saa tano. Ilikuwa simu mpya ya kijana wake inapandisha picha na video za miaka mitano kwa Google Photos ikiwa kwa chaji. Tulipunguza tu, tukapanga ipandishe mchana wakiwa kazini.

Kama unataka kuangalia nyumba nzima muda mrefu, kuna Pi-hole, unaweka kwa Raspberry Pi (kakompyuta kadogo) ama laptopu ya zamani yenye Linux, kila jina linaloulizwa na kifaa chochote linaandikwa hapo. Ama NextDNS, hauhitaji mashine, ya bure inafika maulizo 300,000 kwa mwezi. Zote zinataka uweze kubadilisha DNS ndani ya rauta, na rauta zingine za kampuni za faiba zimefunga hiyo sehemu, hapo unabadilisha kwa kila kifaa. Vifaa vingine pia vimeandikiwa 8.8.8.8, DNS ya Google, kwa damu na vitaruka yako. Kwa nyumba nyingi ile hotspoti inatosha.

Ukipima rauta yenyewe ukakuta poti 7547 iko wazi, usiruke, mara nyingi ni kampuni ya faiba inasimamia rauta yao kwa mbali. Wapigie uulize kama ni yao.

Ukimpata mtu wa nje

Ukijua ni jirani, mkatie na paswedi mpya, ongea naye kama unataka. Usijaribu kuingia kwa simu yake ama kusoma anachofanya, hata kama yuko kwa waifai yako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa kama kosa, na haijali nani alianza. Hizi hatua zote nimeandika ni za mtandao wako na vifaa vyako. Kwa ploti ya watu mnaoshirikiana waifai, waambie kwanza unataka kupima.

Ikiwa kuna utapeli umefanyika, ama umepata barua kwamba laini yako imetumika vibaya, weka zile skrinshoti na tarehe zake, usifute kitu wala kuriseti rauta kwanza, na ripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa polisi.

Ile karatasi yangu nimeibandika nyuma ya kabati ya tivi karibu na rauta: jina, MAC, chumba, waya ama waifai, na tarehe niliyoangalia mwisho. Kifaa kipya kikiingia kwa nyumba kinaandikwa kabla kipewe paswedi. Saa hii iko na vitu 15, na madam ndio huniambia kama kuna kimoja sijaandika.